Glanza linachemsha mlima wa Soni, binamu anataka kuongeza presha ya tabo

SWALI

Shikamoo Fundi,

Naandika kutoka Makorora, Tanga. Ninafanya kazi kwenye ofisi ya wakala wa forodha, nina mke na watoto wawili, na nina ugonjwa ambao nadhani umeshauona kwa wengi: gari dogo lenye mbio. Langu ni Toyota Starlet Glanza V ya mwaka 1997, milango mitatu, gia za mkono, ile yenye tundu la hewa juu ya boneti. Nililinunua kwa jamaa wa Dar aliyeliegesha nyuma ya nyumba miaka mingi hadi nyasi zikaota chini yake, nikalileta Tanga juu ya lori.

Kazi nyingi nazifanya mwenyewe uani, jioni nikitoka ofisini na Jumapili. Nimeshabadilisha shokapu zote nne, boljointi, bushi za mbele, plagi na filta. Injini sijaifungua. Umeme nauogopa kidogo.

Mjini gari halina shida. Naenda nalo Ngamiani, Chumbageni, hadi Raskazone, na mshale wa joto wala haupandi, unakaa chini kabisa. Ila linakunywa petroli sana kwa injini ya sisi 1,300. Asubuhi nikiliwasha linatoa moshi wa bluu kidogo kisha unakata, na oili inapungua taratibu.

Sasa Idi iliyopita tulikwenda Lushoto kwa wakwe. Barabara kuu mpaka Mombo safi kabisa. Tulipoanza kupanda, kabla hata ya kufika Soni, mshale ukaanza kupanda na haukusimama mpaka kwenye nyekundu. Nikaegesha, nikasubiri, nikaongeza maji ya chupa ya kunywa, tukafika kwa kujikongoja. Kurudi ndiko kulikokuwa kubaya zaidi. Katikati ya mteremko pedali ya breki ikawa laini, naikanyaga inazama. Nilimalizia na gia ya kwanza na hendibreki. Mke wangu alikuwa amempakata mdogo na hakusema neno mpaka tulipofika Mombo. Pale akasema: hili gari uza.

Kabla ya safari hiyo fundi mmoja aliliondolea thamostati, ile valvu inayofungua njia ya maji ya rejeta yakipata moto. Aliniambia Tanga ni joto, kile kidude ni cha nchi za baridi. Rejeta huwa najaza maji ya kisima. Yana chumvichumvi kidogo, lakini ndiyo yaliyopo nyumbani.

Binamu yangu, mtoto wa mjomba, anaishi Mombasa na anayajua magari ya mbio. Kila akivuka Horohoro kuja kututembelea ananiletea wazo jipya. Sasa anasema nifunge intakula kubwa (kile kipoza hewa ya tabo) mbele ya rejeta, nifunge kifaa cha kupandisha presha ya tabo, yaani ya hewa inayosukumwa kwenye injini, hadi bar 1.0, na kingine kidogo cha kuidanganya kontroli boksi, kompyuta ya injini, isikate mafuta. Anadai intakula hiyo itamaliza na tatizo la kuchemsha, kwa hiyo nitaua ndege wawili kwa jiwe moja.

Nimeweka akiba ya shilingi milioni mbili na nusu. Mama watoto anasema hiyo ni ada, na kama si ada basi ni bati za jikoni. Nami sitaki kuliuza. Nilinunua hata ile mashine ndogo ya kusomea makosa ya gari kwa simu, lakini sioni pa kuichomeka. Halafu juu ya tairi za nyuma rangi imeanza kuvimba vimba.

Naomba uniambie: nianze na nini, na je, binamu yuko sahihi?

Mwenye Glanza, Makorora


JIBU

Marahaba mwanangu.

Barua yako ni ndefu, lakini jibu la nusu yake liko kwenye sentensi uliyoipita haraka: mjini mshale wa joto unakaa chini kabisa. Wengi huona hiyo ni sifa ya gari. Kwangu ni lalamiko la kwanza.

Thamostati ya injini kama yako huanza kufunguka maji yakifika nyuzi 82 hivi. Hewa ya Tanga, hata mchana wa mwezi wa pili, haifiki nusu ya hapo, kwa hiyo hoja kwamba mji wetu ni wa joto haisimami. Injini imeundwa ifanye kazi ikiwa imepata moto wake. Isipoupata, sensa ya joto la maji inaiambia kontroli boksi kwamba injini bado ni baridi, nayo inaendelea kumwaga petroli ya ziada kana kwamba umewasha sasa hivi. Hapo ndipo petroli yako inapokwenda. Na haitoki yote kwenye ekzosi. Nyingine inaosha oili kwenye kuta za silinda, inateremka hadi kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini, na kuifanya oili iwe nyepesi. Chomoa kijiti cha kupimia oili ukinuse. Kikinuka petroli, ushahidi umeupata bila kumlipa mtu.

Utaniuliza: kama injini haipati moto, mbona ilichemsha mlimani? Thamostati nyingi za Toyota zina visahani viwili. Kimoja kinapofungua njia ya maji kwenda kwenye rejeta, kingine kinaziba njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini bila kupoa. Ukiiondoa thamostati, njia ya mkato inabaki wazi siku zote. Mjini huoni kitu, kwa sababu injini ya farasi 135 inazunguka Chumbageni ikitumia sehemu ndogo tu ya nguvu zake. Kutoka Mombo kwenda Soni mambo ni mengine: gia ya pili, watu wanne, mizigo ya wakwe, tabo inasukuma muda wote, na mwendo ni mdogo kiasi kwamba upepo wa mbele hausaidii. Joto linazalishwa maradufu, na sehemu ya maji inazunguka humo humo bila kuiona rejeta.

Kazi ya kwanza basi ni kurudisha thamostati, mpya, pamoja na gasketi yake. Itumbukize kwanza kwenye sufuria ya maji jikoni, na kama kuna kipimajoto ndio bora, uione ikifunguka kwa macho yako kabla ya kuifunga. Nimeona mpya zikiwa mbovu kutoka dukani.

Maji ya kisima acha leo hii. Bloku ya injini yako ni chuma cha kalibu na silinda hedi ni aluminiamu. Metali mbili hizo kwenye maji ya chumvi huliana, na anayeliwa kwanza ni aluminiamu, kuzunguka matundu ya maji, karibu kabisa na gasketi. Mimina maji yote, suuza mfumo kwa maji safi mpaka yatoke meupe, kisha jaza kulanti, dawa ya rejeta, iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji yaliyochujwa, yale ya betri yasiyo na asidi. Nunua na kifuniko kipya cha rejeta. Watu hukidharau, lakini ndicho kinachoshikilia presha ndani ya mfumo. Kifuniko cha bar 0.9 kikiwa kizima, hata maji matupu hayachemki mpaka karibu nyuzi 118. Kikilegea, yanachemka kwenye 100 kama ya chai. Mipira ya maji nayo ibadilishe yote. Gari lililokaa miaka chini ya mti mipira yake haina umri wa kuaminika, hata kama kwa nje inang'aa.

Ukiwa hapo, angalia feni. Kwenye Toyota nyingi za enzi hiyo, ukichomoa waya wa swichi ya joto ya feni huku swichi ya gari iko on, feni inatakiwa izunguke. Isipozunguka, tatizo ni fyuzi, rilei au mota yenyewe. Liache gari likiwa sailensa, yaani linaunguruma bila kukanyaga mafuta, mpaka lipate moto, usikilize feni ikiwaka na kuzima yenyewe. Kama rejeta imeziba kwa tope la kutu, ipeleke ikafunguliwe isafishwe, au weka mpya. Hapo usibane pesa.

Sasa linakuja lile ninaloliogopa. Injini iliyofika kwenye nyekundu mlimani inaweza kuwa imeunguza gasketi ya hedi au kupinda hedi yenyewe. Usifungue injini kwa wasiwasi tu. Pima. Asubuhi kabla hujawasha wala kufungua rejeta, minya mipira ya maji. Mipira ya juu ikiwa bado migumu imejaa presha baada ya kulala usiku kucha, hiyo ni dalili mbaya. Kisha fungua kifuniko cha rejeta, washa ukiwa umekiacha wazi uangalie kama mapovu yanatoka mfululizo bila kukoma. Tazama chini ya kifuniko cha oili kama kuna utando wa rangi ya chai ya maziwa.

Kisha azima au nunua geji ya kompresheni. Si kifaa cha bei mbaya, na kwa mtu anayejifanyia kazi uani kinastahili kuwa cha kwanza baada ya spana. Injini iwe na moto, toa plagi zote nne, chomoa soketi ya distributa na za nozeli ili gari lisiwake wala kumwaga petroli, mtu akanyage mafuta hadi mwisho huku anapiga stata. Andika namba za silinda zote nne. Tofauti kati ya silinda na silinda isizidi kilo 1 kwa sentimita ya mraba, ambayo ni paundi 14 kwenye geji za paundi. Silinda mbili za jirani zikiwa chini pamoja, gasketi imepasuka kati yao. Moja ikiwa chini peke yake, tia kijiko cha oili kwenye tundu la plagi upime tena. Ikipanda, ringi zimechoka. Isipopanda, ni valvu.

Moshi wa bluu wa asubuhi unaokata baada ya muda mfupi kwa kawaida ni sili za valvu. Oili inachuruzika usiku, inaungua ukiwasha. Unaweza kuishi nao huku unakagua kijiti kila wiki. Ungeniambia moshi unatoka ukiachia mafuta baada ya kuvuta tabo, ningeitazama tabo. Hata hivyo, ukishatoa bomba la hewa, shika ncha ya shafti ya tabo kwa vidole. Kucheza kidogo kushoto na kulia ni kawaida. Kucheza mbele na nyuma, hata kidogo unachokihisi, ni bearingi. Na ukitoka kupanda mlima usizime injini papo hapo. Liache sailensa dakika moja au mbili, oili ipitepite kwenye tabo ipoe, la sivyo itaganda humo kama mkaa.

Ile mashine ya simu mrudishie aliyekuuzia au mpe binamu zawadi. Haitachomeka kwa sababu gari lako ni la kabla ya soketi hiyo kuenea. Fungua boneti utafute kiboksi cha plastiki chenye kifuniko kilichoandikwa DIAGNOSIS. Ndani kuna vitundu vyenye majina. Tafuta TE1 na E1, soma vizuri maandishi ya upande wa ndani wa kifuniko, unganisha hivyo viwili kwa kipande cha waya, kisha weka swichi on bila kuwasha injini. Taa ya injini kwenye dashibodi itaanza kupepesa. Ikipepesa kwa mwendo mmoja bila kusita, hakuna kosa lililohifadhiwa. Ikipepesa mara mbili, ikanyamaza, ikapepesa mara mbili tena, hiyo ni 22: sensa ya joto la maji. 31 ni sensa ya presha ya hewa, 34 ni presha ya tabo isiyo ya kawaida, 41 ni sensa ya throto, 52 ni sensa ya kunoki, yaani petroli kulipuka ovyo ndani ya silinda. Kaa na karatasi na mtoto mkubwa ahesabu pamoja nawe. Watoto huwa hawakosei. Ukishatengeneza, chomoa fyuzi iliyoandikwa EFI kwa muda mfupi uirudishe, kumbukumbu inafutika, upime tena. Ukumbuke tu kwamba kukosekana kwa thamostati hakutaandika kosa. Sensa ni nzima, inasema kweli kwamba maji ni baridi.

Binamu sasa. Si mjinga, na kuna jambo moja amelisema sawa: intakula ya Glanza imekaa juu ya injini, na ukisimama kwenye foleni inaoka pale kwa joto linalopanda kutoka chini. Ya mbele hupoza hewa vizuri zaidi. Lakini inapoza hewa inayoingia kwenye silinda, haipozi maji. Ukiitundika mbele ya rejeta, unaiwekea rejeta kizuizi na kuipulizia hewa iliyokwisha pata joto. Gari linalochemsha Soni litachemsha kabla ya Soni.

Lile la pili ndilo lililonifanya nikae kuandika jibu refu hivi. Injini yako, 4E-FTE, ilitoka kiwandani na presha ya tabo ya takriban bar 0.4 kwenye LOW, hali ya presha ndogo, na 0.65 kwenye HI, hali ya presha kubwa.  Ikivuka 0.8 na kitu, kontroli boksi inakata mafuta, gari linashtuka kama limegonga ukuta, na dereva anakasirika. Haikati kwa ubaya. Inakata kwa sababu nozeli na hesabu iliyowekwa humo ndani haziwezi kuleta petroli ya kutosha kwa hewa hiyo. Kile kifaa kidogo cha kuidanganya kazi yake ni kuificha kontroli boksi hewa ya ziada. Haioni, haiongezi petroli, mchanganyiko unakuwa mkavu, joto la silinda linapanda, injini inaanza kunoki. Utasikia sauti ya kokoto kwenye debe ukivuta gia ya tatu. Wengine hawasikii kwa sababu ya muziki, na kinachofuata ni pistoni kutoboka. Kuna na suala la ubora wa mafuta: Serikali ilianza kuyawekea mafuta vinasaba, yaani alama za kuyatambua, mwaka 2010 kwa sababu ya uchakachuaji, na kuchanganya petroli na mafuta ya taa kunashusha oktani, uwezo wake wa kutonoki. Tabo haisamehi hilo.

Kuna njia halali ya kupata zaidi: nozeli kubwa, pampu ya petroli yenye nguvu, kontroli boksi inayoweza kupangwa upya, na mtu mwenye geji ya kupima mchanganyiko wa hewa na petroli akae kando yako. Hapo intakula ya mbele ina maana. Hiyo kazi milioni mbili na nusu haiitoshi, nami sikushauri uianze kwa pesa ambazo mwenzio ameshazipangia ada. Mwambie binamu hivi: nikishaweka geji ya presha ya tabo na ikaonyesha 0.65 safi kwenye HI, bila kuchemsha mpaka Lushoto, njoo tuzungumze. Nakuhakikishia kwamba gari lisilofika kilo 1,000 likipata farasi wake wote 135, utashangaa ulikuwa unatafuta nini kingine. Sasa hivi hata hao huna. Injini inamwagiwa petroli ya ziada, na pengine mpira mmoja wa tabo umepasuka mahali unavuja.

Breki. Pedali iliyozama kwenye mteremko wa Lushoto imechemsha mafuta ya breki. Mafuta haya hunyonya unyevu wa hewa, na Tanga unyevu tunao wa kugawa. DOT 3, daraja moja la mafuta hayo, ikiwa mpya kabisa huchemka kwenye nyuzi 205 au zaidi. Ikishanyonya maji, kiwango cha chini kinachokubalika ni 140. DOT 4 ni 230 na 155. Yaliyomo kwenye gari lako huenda yana umri wa lile egesho la Dar. Toa yote, weka DOT 4 kutoka chupa isiyofunguliwa, pitisha gurudumu moja moja kuanzia lililo mbali zaidi mpaka yatoke safi bila povu. Badilisha mipira minne ya breki na brekipadi za mbele, fungua kalipa uone kama pistoni zinarudi. Zikigoma zinabana diski muda wote na kuipasha moto. Ubadilishe mafuta hayo kila baada ya miaka miwili. Na siku nyingine ukiteremka, ingiza gia ya pili tangu juu, usingoje breki ziombe msaada.

Tairi sitakaa sana. Tazama namba nne za mwisho baada ya herufi DOT ubavuni: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Za mtumba za kuvutia rangi zikiwa na umri wa mwanao wa kwanza, ziache dukani.

Taiming belti: kama hujui ilibadilishwa lini, hesabu haijawahi kubadilishwa. Kawaida ya Toyota hizi ni kilomita 100,000, lakini mpira uliokaa bila kuzunguka huzeeka hata bila kilomita. Weka mpya na tenshona yake. Hapa una bahati, kwa sababu 4E-FE iliyo kwenye Starlet za kawaida na Corolla EE111 ni ndugu wa damu wa injini yako, na vitu vingi vya sevisi hupatikana Tanga bila kuagiza Kariakoo. Gasketi ya hedi, pistoni na nozeli ndivyo usikubali vya ndugu. Dai vya 4E-FTE vyenyewe.

Kutu ya juu ya tairi za nyuma usiipake rangi. Chukua sumaku ndogo, ifunge kitambaa laini isikwaruze, uipitishe polepole kuzunguka lile tao la tairi. Pale inapokataa kushika, chini yake si bati, ni puti aliyoiweka mtu kabla yako. Kisha lala chini na tochi uangalie sakafu, kingo za chini za milango, mahali shokapu za nyuma zinaposhika, na sehemu za kupachikia jeki. Uvimbe wa kwenye tao ni wa sura tu. Kutu kwenye nguzo za shokapu inakula mahali panapobeba uzito wa gari. Hiyo ikate mpaka kwenye bati jeupe, uchomelee bati jipya, upake dawa ya kutu kabla ya rangi. Kabla fundi wa welding hajawasha mashine, toa vichwa vya betri na uchomoe soketi za kontroli boksi. Ukitoka Raskazone au njia ya Pangani, lisuuze chini kwa maji baridi yasiyo ya kisima.

Umesema unafanya kazi uani, na Makorora ardhi yenu ni mchanga. Jeki huzama pembeni hata ukiwa umeiangalia. Weka ubao mpana chini yake, ziba tairi zilizobaki kwa mawe, na usiingize hata kichwa chini ya gari ambalo halijakaa kwenye stendi za chuma. Matofali ya sementi hayahesabiki kuwa stendi, yanapasuka bila kutoa taarifa. Watoto wawe ndani.

Mama watoto hajaliogopa gari, ameogopa ule mteremko akiwa na mtoto mapajani. Mpe karatasi yenye orodha: thamostati, kulanti, kifuniko, mipira, breki zote, taiming belti, geji ya kompresheni. Kwa makadirio yangu, kama gasketi ya hedi ni nzima, hayo hayafiki nusu ya akiba yako. Nusu nyingine mkabidhi mkononi yeye, ada au bati aamue mwenyewe. Na familia isipande Lushoto kwenye gari hilo mpaka umepanda peke yako, umeshuka, na pedali ya breki haikuzama. Akiendelea kusema liuzwe baada ya hapo, mtazungumza nyumbani. Mimi huko sina spana.

Ukishapima kompresheni niandikie zile namba nne kama zilivyo, silinda ya kwanza hadi ya nne, na utaje geji yako inasoma kilo au paundi. Usiniandikie tu kwamba ziko sawa.